Kitabu Kikisema Kweli Kuhusu Vita, Je, Kimesema Kweli Kuhusu Mungu?

Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliivamia nchi ya Yuda, akaiteka miji yake mmoja baada ya mwingine, kisha akaizingira Yerusalemu. Habari hizo zimo katika 2 Wafalme sura ya 18 na 19, zikarudiwa katika Isaya 36 na 37, na kwa ufupi katika 2 Mambo ya Nyakati 32. Zimo pia katika maandishi ya Senakeribu mwenyewe, katika michongo ya jumba lake la kifalme, na katika majivu ya miji aliyoichoma. Ni machache matukio ya Agano la Kale yaliyopata mashahidi wengi kiasi hicho nje ya Biblia. Ndiyo maana vita hivyo vinafaa kupimia hoja inayosikika makanisani, misikitini na viwanjani: kwamba kitabu kitakatifu kikithibitika kusema kweli kuhusu wafalme, miji na vita, basi kimethibitika pia kusema kweli kuhusu Mungu.

Mwandishi wa Wafalme anasimulia kwamba katika mwaka wa 14 wa Hezekia, Senakeribu aliitwaa miji ya Yuda yenye maboma. Hezekia akatuma watu Lakishi, mahali alipopiga kambi mfalme huyo, kuomba radhi. Akatozwa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, hata ikambidi abandue dhahabu iliyofunika milango ya hekalu. Pamoja na kulipa, jeshi likafika Yerusalemu na kuutaka mji ujisalimishe. Hezekia akaingia hekaluni kuomba. Nabii Isaya akamletea neno kwamba Mwashuri hataingia mjini. Na usiku ule malaika wa Bwana akaua watu 185,000 kambini. Senakeribu akarudi Ninawi, na huko wanawe wakamuua.

Senakeribu naye ana simulizi lake. Liko kwenye mche wa udongo uliochomwa, wenye pande sita zilizojaa mwandiko wa kikabari, uliopatikana Ninawi mwaka 1830 na sasa umehifadhiwa British Museum jijini London. Nakala nyingine mbili ziko Chicago na Yerusalemu. Humo mfalme anajisifu kwamba aliteka miji 46 ya Hezekia yenye kuta, akachukua watu 200,150, na akamfungia Hezekia mwenyewe ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni. Anaorodhesha pia mali aliyopokea: talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha. Hesabu ya dhahabu inalingana kabisa na ya Biblia. Ya fedha hailingani, na wataalamu wamependekeza sababu mbalimbali bila kuafikiana.

Lililo muhimu zaidi ni lile ambalo mche huo hausemi. Hausemi kwamba Yerusalemu ulitekwa. Mfalme aliyezoea kutangaza kila ukuta alioubomoa asingeliacha kutaja kuanguka kwa mji mkuu wa mwasi. Wanahistoria kwa ujumla wanakubali, basi, kwamba mji ulisalimika, kama Biblia inavyosema.

Lakishi haukusalimika. Austen Henry Layard, alipochimba Ninawi katika miaka ya 1840, alikuta chumba kizima ambacho kuta zake zilipambwa kwa michongo ya kuzingirwa kwa mji huo: wapiga mishale, mitambo ya kubomolea kuta ikipandishwa juu ya matuta, wenyeji wakitolewa nje na familia zao, na Senakeribu ameketi kwenye kiti chake cha enzi akitazama nyara zikipita mbele yake. Mahali penyewe, Tell ed-Duweir, palichimbwa na James Leslie Starkey katika miaka ya 1930, kisha na David Ussishkin kuanzia mwaka 1973 hadi 1994. Walikuta tuta la mawe lililojengwa na washambuliaji kuelekea ukuta, mamia ya vichwa vya mishale, tabaka nene la majivu, na pango lenye mifupa ya watu wapatao 1,500. Anayetazama michongo hiyo, ambayo sasa iko London, na kusoma taarifa za machimbo anaona vita vilevile kutoka pande mbili, ya mshindi na ya walioangamia.

Yerusalemu penyewe upo mfereji wa chini ya ardhi wenye urefu wa mita 533, uliochimbwa ndani ya mwamba kuleta maji ya chemchemi ya Gihoni ndani ya mji. Biblia inamsifu Hezekia kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1880 vijana waliokuwa wakicheza humo waliona maandishi ya Kiebrania ukutani, yanayoeleza jinsi makundi mawili ya wachimbaji yalivyokutana katikati baada ya kusikia sauti za wenzao. Maandishi hayo, ambayo sasa yako Istanbul, hayamtaji mfalme yeyote, ila vipimo vya kisayansi vilivyotangazwa mwaka 2003 viliuweka mfereji kwenye muda wa karibu na mwaka 700 kabla ya Kristo. Mwaka 2015 ilitangazwa pia lakiri ndogo ya udongo, iliyochimbuliwa kusini mwa eneo la hekalu mwaka 2009, yenye jina la Hezekia mwana wa Ahazi, mfalme wa Yuda.

Hata vyeo vya maofisa wa Ashuru wanaotajwa katika Wafalme, yaani Tartani, Rabsarisi na Rabshake, ni vyeo halisi vya serikali ile, vinavyojulikana kutokana na nyaraka zake. Aliyeandika habari hizi, au aliyempasha, aliwafahamu Waashuru kwa karibu.

Pamoja na hayo, simulizi hilo lina mikunjo yake. Msomaji wa 2 Wafalme 19 atadhani Senakeribu aliuawa muda mfupi baada ya kurudi Ninawi, ilhali aliuawa mwaka 681, miaka 20 baadaye. Kuuawa kwake na mwanawe kunathibitishwa na kumbukumbu za kihistoria za Wababeli, na mtaalamu wa Kifini Simo Parpola alionyesha mwaka 1980 kwamba muuaji aliitwa Arda-Mulissu, jina ambalo kwa urahisi lingegeuka midomoni mwa Waebrania kuwa Adrameleki, mmoja wa wana wauaji wanaotajwa katika Wafalme. Tirhaka, ambaye katika simulizi hilo anakuja na jeshi kupigana na Senakeribu, naye anaitwa mfalme wa Kushi, ingawa mwaka 701 alikuwa bado hajatawazwa. Alitwaa ufalme mwaka 690. Makosa ya namna hii ni ya mtu anayesimulia baada ya miaka kupita, akizikusanya habari za kweli pamoja. Hayamfanyi kuwa mzushi.

Kwa hiyo Wafalme, katika sura hizi, ni chanzo kizuri cha historia. Na malaika je?

Waakiolojia hawajapata kaburi la askari 185,000, na hata wangepata mifupa hiyo, isingewaambia ni nani aliyeua. Mwanahistoria Mgiriki Herodoto, aliyeandika zaidi ya miaka 200 baadaye, alisikia Misri hadithi kwamba jeshi la Senakeribu lilishindwa kwa sababu panya waliguguna kamba za pinde na mikanda ya ngao usiku. Yeye anaweka tukio hilo mpakani mwa Misri, na anayeokoa ni mungu wa Wamisri aliyeombwa na mfalme kuhani. Wapo wasomi waliounganisha panya hao na tauni. Wengine wanaona kwamba kodi ya Hezekia na ujio wa jeshi la Kushi vinatosha kueleza kwa nini Senakeribu aliondoka. Ushahidi uliopo haumlazimishi mtu kuchagua mojawapo. Unathibitisha kwamba mji ulizingirwa na haukutekwa, na unaishia hapo. Kwamba Mungu wa Israeli ndiye aliyeuokoa ni dai la aina nyingine, na hakuna mche, mchongo wala mfereji unaoligusa.

Udhaifu wa hoja ya kutoka usahihi kwenda uungu unaonekana wazi zaidi pale kipimo hichohicho kinapotumika kwa maandishi ya upande wa pili. Senakeribu naye anasema alikwenda vitani kwa kumtegemea Ashuru, mungu wake. Kuhusu miji ya Yuda alisema kweli, na majivu ya Lakishi ni shahidi. Kama ukweli kuhusu vita unathibitisha mungu aliyetajwa na mwandishi, basi Ashuru amethibitika. Hakuna Mkristo, Myahudi wala Mwislamu atakayekubali jambo hilo, naye ana haki ya kulikataa; lakini akilikataa kwa Senakeribu hana budi kulikataa kama hoja ya jumla.

Mfano wa Mesha unabana zaidi. Jiwe la mfalme huyo wa Moabu, la miaka ya karibu na 840 kabla ya Kristo, lilipatikana Dhiban, katika Jordan ya leo, mwaka 1868, na sasa liko Louvre jijini Paris. Linamtaja Omri mfalme wa Israeli, linalitaja jina la Mungu wa Israeli, na linaeleza uasi uleule ambao 2 Wafalme sura ya 3 inauzungumzia. Mesha anaeleza kwa nini Moabu ilikaa chini ya Israeli miaka mingi: mungu wake Kemoshi aliikasirikia nchi yake. Kisha anaeleza kwa nini aliikomboa: Kemoshi alimrehemu. Mtu aliyezoea kitabu cha Waamuzi ataitambua namna hiyo ya kufikiri mara moja, ya mungu anayewaadhibu watu wake kwa mkono wa adui na kuwaokoa baadaye. Waandishi wa pande zote mbili walijua historia ya nchi zao, na kila mmoja aliusoma mkono wa mungu wake katika matukio yaleyale.

Koreshi wa Uajemi anahitimisha mlolongo huo. Aliiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo. Isaya 45 inasema ni Bwana aliyemshika mkono Koreshi na kumfungulia malango. Silinda ya udongo iliyopatikana katika magofu ya Babeli mwaka 1879 inasema ni Marduki, mungu wa Babeli, aliyemtafuta mfalme mwadilifu, akamshika mkono na kumwingiza mjini bila vita. Tukio ni moja, mfalme ni mmoja, mwaka ni mmoja. Mwanahistoria anaweza kuzisahihisha silinda na Isaya kuhusu tarehe na majina; hana chombo cha kuamua kati ya Bwana na Marduki.

Hata Rabshake, yule ofisa wa Ashuru, katika hotuba yake mbele ya ukuta wa Yerusalemu, alidai kwamba ni Bwana mwenyewe aliyemtuma kuiharibu nchi. Mwandishi wa Wafalme alilihifadhi dai hilo la adui, akalijibu kwa imani yake. Alijua kwamba kuanguka kwa miji 46 kungeweza kusomwa kwa njia zote mbili.

Hayo yote hayamaanishi kwamba usahihi wa kihistoria ni kitu kidogo. Shahidi mahakamani anayekosea jina la mtaa na siku ya tukio hupoteza imani ya hakimu hata kwa yale mengine. Anayepatia humfanya hakimu aendelee kusikiliza, bila kumlazimisha akubali yote. Ndivyo ilivyo kwa Luka, mwandishi wa Injili na Matendo. William Ramsay, msomi wa Uskoti aliyesafiri miaka mingi Asia Ndogo mwishoni mwa karne ya 19, alianza akiwa na mashaka kuhusu kitabu cha Matendo na akaishia kumhesabu Luka miongoni mwa wanahistoria wa daraja la kwanza. Watawala wa Thesalonike wanaitwa katika Matendo 17 kwa cheo ambacho baadaye kilipatikana kimechongwa kwenye mawe ya mji huohuo. Galio, liwali wa Akaya wa Matendo 18, alitajwa katika barua ya Kaisari Klaudio iliyochongwa Delphi, na kwa barua hiyo kukaa kwa Paulo Korintho kunaweza kuwekwa karibu na mwaka 51. Luka aliijua dunia aliyoiandika. Luka huyohuyo, hata hivyo, anaweka kuzaliwa kwa Yesu katika siku za Herode, aliyekufa mwaka 4 kabla ya Kristo, na pia wakati wa sensa ya Kirenio, liwali wa Shamu, iliyofanywa mwaka 6 baada ya Kristo. Juhudi za kuzioanisha tarehe hizo hazijawaridhisha wanahistoria wengi.

Kitabu cha Danieli kinafundisha tahadhari kwa pande zote. Kwa muda mrefu Belshaza, mfalme wa Babeli anayesimuliwa humo, hakujulikana nje yake, na wapo waliomhesabu mtu wa kubuniwa. Mwaka 1854 maandishi ya mfalme Nabonido yalipatikana Uru, na humo anamwombea mwanawe wa kwanza, Belshaza. Waliomkana walikosea. Lakini maandishi hayohayo yanaonyesha kwamba babaye alikuwa Nabonido, si Nebukadneza kama Danieli anavyomwita, na Dario Mmedi wa kitabu hicho hajulikani katika nyaraka zozote za Babeli. Aliyetangaza ushindi wa kitabu kizima kwa jina moja lililopatikana alikwenda mbali kuliko ushahidi, sawa na aliyetangaza kushindwa kwake kwa jina moja lililokosekana.

Haraka hiyo imeenea pia Afrika Mashariki. Katika mihadhara ya dini ya viwanjani nchini Tanzania na Kenya, iliyoshika kasi tangu miaka ya 1980, na sasa katika video za simu, historia na akiolojia huletwa kama ushahidi wa kufunga mjadala. Wakristo hutumiana picha za magurudumu ya magari ya Farao chini ya Bahari ya Shamu. Hakuna gurudumu lililowahi kutolewa huko na kuthibitishwa na wataalamu wa mambo ya kale. Waislamu husimulia jinsi daktari Mfaransa Maurice Bucaille alivyouchunguza mwili wa Farao Merneptah katika miaka ya 1970 na kuona chumvi na dalili nyingine zinazoafikiana na aya ya 92 ya Surat Yunus, kwamba mwili wa Firauni utaokolewa uwe ishara. Mwili huo ulipatikana mwaka 1898, lakini Kurani haimtaji Firauni wa Musa kwa jina, wanahistoria hawajakubaliana ni nani, na chumvi katika mwili uliokaushwa kwa magadi haisemi chochote kuhusu bahari. Imani kubwa hazistahili kubebwa na ushahidi wa namna hii. Kijana aliyeifunga imani yake kwenye gurudumu ataanza kuitilia shaka imani siku atakapogundua kwamba gurudumu halipo.

Uthibitisho wa kweli upo, na una mipaka yake. Karatasi mbili za ngozi zenye sehemu za sura ya 18, 19 na 20 za Kurani, zilizoko Chuo Kikuu cha Birmingham, zilipimwa kwa kaboni, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2015 yaliiweka ngozi hiyo kati ya mwaka 568 na 645. Ni ushahidi mzuri kwamba maneno hayo yaliandikwa mapema na yamehifadhiwa vizuri. Kaboni hupima umri wa ngozi. Chanzo cha maneno hakipimiki kwa njia hiyo.

Hoja iliyo na nguvu zaidi ni ya utabiri, kwa sababu humo ulinganifu na matukio ndiyo dai lenyewe. Aya za mwanzo za Surat ar-Rum zinasema Warumi wameshindwa na kwamba baada ya miaka michache watashinda. Waajemi waliiteka Yerusalemu mwaka 614. Kaisari Heraklio alianza kampeni yake mwaka 622, akawashinda Desemba 627 karibu na magofu ya Ninawi, mji uleule wa Senakeribu, na amani ikapatikana mwaka 628. Matukio hayo yanajulikana bila kutegemea Kurani. Ili hoja isimame inabidi pia ithibitike kwamba aya zilisomwa kabla ya ushindi. Mapokeo ya Kiislamu yanaziweka Makka, kabla ya hijra, na uzito wa hoja unategemea uzito ambao mtu anayapa mapokeo hayo. Kutajwa kwa Koreshi katika Isaya kuna sharti lilelile: anayeamini sura hizo ziliandikwa na Isaya wa siku za Hezekia anaona utabiri wa miaka 150 na zaidi, na wasomi wengi wanaoziweka sura ya 40 hadi 55 katika siku za uhamisho wanaona mwandishi aliyeishi Koreshi akiwa tayari anavuma. Katika mifano yote miwili tarehe ya tukio haina mgogoro. Mgogoro uko kwenye tarehe ya maandishi.

Mwanazuoni aliyeipanga mipaka hii vizuri mapema ni Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377. Anakataa, kwa mfano, taarifa ya wanahistoria kwamba jeshi la Musa jangwani lilikuwa na wapiganaji 600,000, kwa kuwa jeshi la ukubwa huo lisingeweza kupangwa wala kuongozwa katika eneo lile. Anaeleza kwamba habari za matukio hupimwa kwanza kwa kuuliza kama jambo lenyewe linawezekana, ndipo wasimulizi wachunguzwe. Amri za dini ni kitu kingine: amri haielezi tukio, hivyo kinachotakiwa ni uaminifu wa wapokezi walioifikisha. Hata wanazuoni wa hadithi, waliojenga elimu kubwa ya kuchunguza mnyororo wa wapokezi, walijua kwamba hadithi sahihi inathibitisha Mtume alisema neno fulani. Kwamba neno hilo linamfunga mtu kunatoka kwenye utume wake, ambao mnyororo wa wapokezi unauchukulia tu kuwa kweli.

Mgawanyo huo unaonyesha pia mahali ambapo historia inaweza kuijeruhi imani. Kitabu cha Ayubu hakipotezi kitu kama nchi ya Usi haijulikani ilikuwa wapi. Ukristo, kwa upande wake, umeegemea tukio, na Paulo mwenyewe aliandika katika 1 Wakorintho 15 kwamba kama Kristo hakufufuka imani ni bure. Kusulubiwa kwa Yesu chini ya Pilato kunakubaliwa na takriban wanahistoria wote; mwanahistoria Tasito wa Roma anakutaja, na jina la Pilato na cheo chake vilipatikana kwenye jiwe huko Kaisaria mwaka 1961. Surat an-Nisaa aya ya 157 inasema hakuuawa wala hakusulubiwa, bali ilionekana kwao hivyo. Kwa jinsi wafasiri wengi wa Kiislamu wanavyoielewa aya hiyo, waliokuwepo waliona mtu akisulubiwa, na ushahidi wa Tasito unahusu kile kilichoonekana. Mkristo anayemtumia Tasito kumkanusha Mwislamu anakutana na dai lililowekwa nje ya macho ya shahidi, sawasawa na malaika wa Hezekia.

Kuhusu ufufuko, barua hiyo ya Paulo, ya katikati ya miaka ya 50, inaorodhesha waliomwona Yesu hai: Kefa, wale kumi na wawili, ndugu zaidi ya 500, Yakobo, na Paulo mwenyewe. Ni orodha ya mapema, iliyoandikwa wengi wao wakiwa hai, na wanahistoria wengi, wakiwemo wasioamini, wanakubali kwamba wanafunzi waliamini kwa dhati kuwa wamemwona. Wanachotofautiana ni sababu ya kuamini huko, na tofauti hiyo hutokana zaidi na kile ambacho kila mmoja tayari anakiona kinawezekana kuliko kutokana na mstari wowote wa barua yenyewe.